Forester XT ya zamani (SG5) au ya kisasa (SJG): bima kubwa ya ipi inauma zaidi?

Ilazo_Mashariki

Wakuu, habari za kazi. Niko Dodoma, njia yangu ya kila siku ni Ilazo hadi Mtumba na kurudi, na mwisho wa mwezi nateremka Dar. Nataka gari yenye nguvu kidogo, siyo ile ambayo ukitaka kupita lori lazima upige hesabu kwanza.

Mezani zimebaki mbili, zote Subaru Forester XT. Ya kwanza ni SG5 ya 2005, 2.0 turbo, manual, namba C, muuzaji anataka milioni 14. Ya pili ni SJG ya 2014, 2.0 turbo ya kizazi kipya, CVT (giaboksi ya otomatiki), namba E, milioni 36.

Kwa muonekano na mlio moyo uko kwa SG5. Akili inasema SJG. Naomba wanaojua wanisaidie: bima kubwa kwa kila moja inakuja shilingi ngapi? Kuna kampuni zinazokataa gari ya zamani? Turbo inaongeza bei ya bima? Na je, kwa SG5 ina maana yoyote kukata bima kubwa, au bima ndogo inatosha nibaki na hela ya spea?

---

BimaKanda_ya_Kati

Mkuu, turbo kwanza. Wengi wana picha ya Uingereza, ambako magari yalipangwa kwa makundi, 1 hadi 50, na kijana mwenye gari la nguvu analipishwa mpaka anaghairi. Kwetu gari binafsi hutozwa asilimia ya thamani. Kiwango cha kawaida cha bima kubwa ni asilimia 3.5, halafu VAT ya asilimia 18 juu yake. Nguvu za injini hazimo kwenye hesabu hiyo.

SG5 ya milioni 14: asilimia 3.5 ni 490,000, weka VAT 88,200, jumla 578,200 kwa mwaka.

SJG ya milioni 36: 1,260,000, VAT 226,800, jumla 1,486,800.

Tofauti ni 908,600, kama elfu 76 kwa mwezi. Bima ndogo ni 118,000 kwa yoyote kati ya hayo mawili, kwa sababu pale unalinda mtu utakayemgonga na mali yake, siyo gari lako. Katikati kuna bima ya mhusika wa tatu pamoja na moto na wizi, kawaida asilimia 2. Kwa SG5 inakuja 330,400. Wauzaji wengi wa bima hawaitaji hii mpaka uulize.

Umri ndio unaoleta shida, siyo turbo. Sheria haikatazi bima kubwa kwa gari la 2005, lakini kila kampuni ina mstari wake wa umri. Nyingine zitakataa moja kwa moja, nyingine zitakubali baada ya ukaguzi wa picha na ripoti ya mthamini, nyingine zitakubali kwa kupandisha kiasi unachochangia wewe kwenye dai. Hicho cha mwisho ndicho kinachowakuta watu bila kujua. Mara nyingi mchango ni asilimia 10 ya dai, lakini kuna kiwango cha chini kilichoandikwa kwenye jedwali la sera. Kiwango hicho kikiwa kikubwa, madai yote madogo ya gari la milioni 14 unayabeba mwenyewe, na hiyo bima kubwa inabaki kuwa ya gari kuisha kabisa. Kwa hiyo usiulize "mnachukua gari la 2005?" peke yake. Uliza: mchango wa chini ni kiasi gani, kuna nyongeza kwa dereva mwenye leseni changa, na kioo cha mbele kinalipwa mpaka shilingi ngapi.

Sasa thamani. Hapa ndipo pesa inapotea. Mtu ana SG5 ya milioni 14, anaandikisha milioni 10 ili alipe 413,000 badala ya 578,200. Ameokoa 165,200. Anagonga, matengenezo yanakuja milioni 4.2. Kampuni inasema: umelinda 10 kati ya 14, nasi tunalipa 10 kati ya 14. Hiyo ni milioni 3.0, toa mchango wa asilimia 10, unabaki na 2.7. Milioni moja na nusu inatoka mfukoni mwako. Kuzidisha thamani nako hakusaidii, maana gari likiisha utalipwa bei ya soko ya siku ile, hata kama uliandika milioni 20.

Wanaoagiza nje wana kosa lao pia: wanaandika bei ya CIF (gari, bima na usafiri hadi bandarini, bila ushuru) kwenye fomu. Gari limefika kwa milioni 15, ushuru na usajili umelifikisha karibu mara mbili, yeye kaandika 15. Thamani ya kuandika ni ya gari likiwa limesimama Dodoma na namba yake, kodi zote ndani.

Maoni yangu: SJG usiiweke barabarani bila bima kubwa, hata siku moja. SG5, nenda na ya moto na wizi, isipokuwa kama unapita Bahi na Manyoni jioni, hapo kata kubwa. Ng'ombe wakivuka, bima ndogo haikutengenezei taa wala boneti, na hiyo ya moto na wizi vilevile haikutengenezei.

---

Fundi_Boxa

Mkuu wa bima amemaliza upande wake, mimi niseme kuhusu chuma, kwa sababu bima hailipi ubovu. Taimingi belti ikikatika, turbo ikifa, CVT ikianza kuteleza, hayo yote ni uchakavu na sera zote zinayatoa nje. Ile elfu 76 ya tofauti kwa mwezi usiione kama faida ya SG5. Itakwenda gereji.

SG5 ina EJ205. Ni injini ya belti, valvu zake zinagongana na pistoni belti ikiruka. Muda wa kubadili ni kilomita laki moja, lakini gari namba C ambayo huna kumbukumbu zake, badili siku ya kwanza usiulize. Na usinunue belti peke yake. Seti kamili ni belti, tensheni ya haidroliki, roli zote ikiwemo ile ya meno, wota pampu na themostati. Roli ya elfu chache ikikwama inaua belti mpya, na belti inaua silinda hedi mbili.

Halafu kuna kitu kidogo ambacho mafundi wengi hawakigusi. Kwenye bomba la oili linalopanda kwenye turbo kuna bolti yenye tundu, na ndani yake kuna kichujio cha wavu kidogo kama kofia ya kalamu. Oili ikichelewa kubadilishwa wavu unaziba, turbo inakosa oili, shafti inaanza kucheza na moshi wa bluu unatoka ukikanyaga. Fungua, safisha au weka mpya. Kazi ya saa moja inayookoa turbo. Ukikagua gari ya kununua, toa bomba la hewa linaloingia kwenye turbo, shika ncha ya shafti kwa vidole: mchezo mdogo sana wa pembeni ni kawaida, mchezo wa mbele na nyuma ukausikia, ondoka.

Shokapu za nyuma nazo angalia. Baadhi ya SG zina zile zinazojiinua zenyewe, zikifa gari inakaa chini nyuma, na bei yake ni kali. Wengi wanabadili na springi na shokapu za kawaida, ni sawa kabisa, ila mbili kwa mpigo.

SJG ni FA20 yenye sindano za moja kwa moja. Cheni, siyo belti, hapo umepumua. Lakini petroli haipiti juu ya valvu za kuingiza hewa, kwa hiyo masizi yanajikusanya pale, gari inaanza kutetemeka ikiwa baridi na kukosa moto kwa silinda moja moja. Oili yake lita 5.1, nyembamba, ya viwango, kila kilomita 5,000 kwa vumbi letu na joto hili. CVT inataka oili yake ya Subaru ya torque kubwa. Fundi akiweka "ATF yoyote" (oili ya otomatiki ya kawaida) umeua giaboksi, na giaboksi ya gari hiyo ndiyo bei ya SG5 mbovu.

Kuhusu mvuto, kila mtu na lake, ila ujue unachonunua. Ule mlio wa Subaru unaotikisa dirisha unatokana na manifoldi za EJ zenye mabomba ya urefu tofauti. FA20 mabomba yake yako sawa, haina huo mlio hata uweke mafla gani. Na SJG XT haina tundu kwenye boneti, hewa ya intakula inapita kwenye show ya mbele. Kwa nguvu za kiwandani SG5 ni farasi 220, SJG 280. Mtu anayesema ya zamani ni kali zaidi anasikiliza mlio. Hata hivyo SG5 ni nyepesi, manual, na usukani wake unakuambia kila kitu. Kwa raha ya kuendesha mimi naichukua hiyo. Kwa kwenda Dar na kurudi na familia, hapana.

Kitu kimoja kinachounganisha haya na bima: injini ya boxa imekaa mbele sana, rejeta iko karibu yake. Gari ikigongwa mbele hata kidogo, feni zinasukumwa mpaka kwenye kava la taiming. La EJ ni plastiki. Linapasuka, kipande kinaingia kwenye belti, na wewe umeshawasha gari uone kama inawaka. Usiwashe. Ikavutwe, na mkadiriaji wa bima aje kava likiwa limefunguliwa, aandike belti na roli kwenye makadirio ya kwanza. Ukija kuomba nyongeza baadaye injini ikiwa imeshakufa, wataiita uzembe.

---

Nkuhungu_V6

Mbona mnazunguka, Mark X GRX130 ipo. V6, cheni, spea hadi za dukani Majengo, na kila fundi anaijua. Ukiwa na milioni 25 bima yake 1,032,500, katikati ya hizo mbili. Ugonjwa wake unajulikana: 4GR ya 2.5 nayo ni ya sindano za moja kwa moja, masizi na kula oili kama mwenye nayo wa mwanzo alikuwa anachelewesha sevisi. Pima oili asubuhi, zunguka nayo wiki, pima tena. Ila iko chini, matuta ya mitaa ya Ipagala na barabara za vumbi zitakufundisha adabu.

Na kwa anayetaka kuagiza mwenyewe: 2.5 inaingia kwenye ushuru wa bidhaa wa asilimia 10 kwa sababu imepita cc 2000. Hizo Subaru za 1,994 na 1,998 ziko kwenye asilimia 5. Ushuru wa uchakavu, yaani wa umri wa gari, ni mwingine, miaka 8 hadi 10 ni asilimia 15, ikipita 10 ni asilimia 30. Ndiyo maana za kizazi cha SG5 hakuna anayeziagiza tena, zinazunguka humuhumu mkononi.

---

Ilazo_Mashariki

Asanteni sana wakuu, nimepata zaidi ya nilichouliza. Mawili tu: SG5 ina rimu za inchi 17 na ekzosi ya kuongezea, na mwenye nayo anasema imefanyiwa ramani ya kompyuta (kompyuta ya injini imepangwa upya iongeze nguvu). Bima inaathirika? Na kadi bado ina jina la mmiliki wa kwanza, anayeuza ni wa pili.

---

BimaKanda_ya_Kati

Hilo la kadi ndilo baya kuliko ramani ya kompyuta. Usikate bima yoyote kubwa kabla jina halijahamia kwako TRA. Kampuni itakuuliza siku ya dai una maslahi gani kwenye gari ambalo kadi si yako, na mkataba wa mauziano wa mkono unaweza kubishaniwa miezi. Bima ya mmiliki wa zamani nayo haikufuati kwa sababu umekaa kwenye kiti chake. Hapo muuzaji wa pili inabidi amtafute wa kwanza. Kama hampatikani, acha gari, hata kama bei inashuka.

Marekebisho: yataje yote kwenye fomu ya maombi, kwa maandishi, na upate jibu kwa maandishi. Bima inasimama juu ya kusema kweli yote tangu mwanzo. Ekzosi peke yake wengi hawajali. Ramani ya kompyuta na busti iliyopandishwa inaweza kukataliwa au kuongezewa sharti. Ukinyamaza, mkadiriaji akaikuta, umewapa sababu ya kukataa dai zima, hata kama uligongwa ukiwa umesimama kwenye taa. Rimu na redio za gharama zitajwe kwa bei yake kwenye jedwali, la sivyo watakulipa rimu za kiwandani. Na mashindano ya mwendo kasi ya aina yoyote yako nje ya sera.

Uliza pia wizi wa vifaa. Sera nyingi hulipa gari zima likiibiwa, lakini saidimira, kontroboksi au taa zikitolewa gari likibaki, kuna kikomo au hakuna kabisa. SG5 ikilala nje ya geti, hilo ndilo litakalotokea kabla ya lile la gari zima.

Upande wa SJG, kama ina EyeSight, zile kamera mbili juu ya kioo cha kati, soma kikomo cha kioo cha mbele mara mbili. Kokoto za malori njia ya Morogoro zinapasua vioo kila siku. Kioo cha gari hilo lazima kiwe cha aina yake na kamera zipangwe upya baada ya kubadili, zisipopangwa zitazima au zitafunga breki pasipo sababu. Kikomo cha kawaida kinaweza kutosha kioo cha SG5 na kisitoshe nusu ya hicho. Kukiongeza ni nyongeza ndogo ya malipo, fanya siku ya kukata.

Ukishalipa, ingiza namba ya gari au ya stika kwenye TIRA MIS, mfumo wa mamlaka inayosimamia bima, palepale, kabla hujaondoka kwa wakala. Angalia aina ya bima iliyoandikwa, tarehe, na namba ya chasisi herufi kwa herufi. Kuna watu wamelipa kubwa, kwenye mfumo ikasomeka ndogo. Ukigundua siku hiyo ni simu moja. Ukigundua baada ya ajali ni kesi.

Ajali ikitokea: polisi kwanza, gari lisisogezwe mpaka ramani ya tukio ichorwe, taarifa kwa kampuni ndani ya muda ulioandikwa kwenye sera, kisha fomu za polisi PF 90, PF 93 na PF 115, nakala ya leseni na kadi. Leseni iwe hai na iwe na daraja D. Iliyoisha muda jana ni sawa na huna. Wakikuzungusha bila sababu ya maandishi, TIRA makao yake yako hapahapa Dodoma, na kuna Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Ila nenda na karatasi, siyo maneno.

Kila mwaka ukihuisha, shusha thamani kufuata soko. SJG ya 36 mwaka kesho inaweza kuwa 32, na ukiacha 36 unalipa ziada ya 165,200 kwa kitu ambacho hutalipwa.

---

Fundi_Boxa

Niongeze la tairi kabla hujalipa yoyote. Zote mbili ni AWD ya muda wote, yaani magurudumu yote manne yanavuta. Tairi nne ziwe za aina moja na uchakavu unaolingana, tofauti ya milimita mbili tatu za meno inaipasha moto difu ya kati kwenye manual, na klachi za transfa kwenye CVT. Dalili: gari inakamata na kurukaruka ukikata kona kali polepole, kama unapoingia maegesho. Ipeleke uwanjani, kata usukani mpaka mwisho, izungushe duara mara mbili pande zote, sikiliza.

Sasa ukipata ajali ikaharibika tairi moja, kampuni italipa moja, tena kwa kukata uchakavu. Wewe unahitaji nne. Weka hiyo hela pembeni kwa gari yoyote utakayochagua. Kabla hujamlipa mwenye SG5, mwambie aache injini ipoe usiku kucha, uiwashe wewe asubuhi. Akikupa gari tayari ina moto, ahirisha.